Siku Palahala Alipojifungua

Haya nilisimuliwa na Nyele Fomba mwenyewe, mwaka jana wakati wa kuchambua karanga, tumekaa ukumbini kwangu na masinia mapajani. Alikuwa anasimulia huku vidole vinaendelea na kazi, na alipofika pale mnyama alipopiga magoti, vidole vilisimama. Nami nayaleta kama alivyoyaleta.

Siku ile ya sherehe, ya wanyama wa ngoma kutoka uwanjani, Nyele aliamka na hofu asiyojua inatoka wapi. Alikoroga uji wa uwele, akamwita mwanawe Sungalo aje anywe ungali moto. Hakuitikiwa. Alipochungulia chumbani alikuta kitanda cha miti kimetandikwa, na chini yake ile chupa ya maji ambayo muuguzi wa zahanati ya Markala alimwambia kijana asitengane nayo hata dakika. Chupa ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

"Baba Sungalo," alimwita mumewe, "mtoto yuko wapi?"

Molobali Samake alikuwa uani anapiga mswaki kwa kijiti. Alitema kwanza. "Nimemtuma Markala. Misumari imeniishia."

"Markala, jua hili? Bila maji yake?"

"Kwani njia nzima haina visima?"

"Misumari gani ya siku ya sherehe, Molobali?"

"Mama Sungalo, wewe leo una kazi ya kuimba. Nenda ukalainishe koo. Misumari niachie mimi."

Hakumtazama usoni. Molobali hakuzoea uongo, na siku akiusema unamkaa vibaya kama shati la kuazima. Nyele aliuona, ila alidhani ni uongo mdogo wa wanaume, wa kwenda kumwona mchumba au kuchukua deni. Akarudi jikoni. Hofu nayo ikaingia naye.

Kijana huyo alikuwa na ugonjwa tunaouita wa mifupa, ule ambao zahanati wanauita selimundu. Kiu na jua kali ndivyo vinavyouamsha. Na Sungalo hakuwa mtu wa kulia. Tangu mdogo, maumivu yakimshika, alikuwa anabisha kwa kifundo cha kidole kwenye mti wa kitanda, tok, tok, polepole yakiwa madogo, haraka haraka yakiwa makubwa. Nyele alilala upande wa pili wa ukuta miaka yote hiyo akiisikiliza bisho hiyo. Kwa mwendo wake alijua kama ni ya kumpelekea kitambaa cha maji moto au ya kufunga punda kwenye mkokoteni.

Wenzake wa rika walikuwa katika chama cha vijana, wanalima shamba la kila mtu kwa zamu. Yeye aliwekwa kivulini kulinda ndoo, na kila msimu baba yake alitoa kanga wawili wa faini. Kiongozi wa vijana, Dose Tangara, aliwapokea kanga hao kwa adabu zote. "Kanga wako watamu, baba Samake," alikuwa anasema, "bahati mbaya hawashiki jembe." Wasichana nao walimpa jina, Sungalo wa Kivulini. Lilimfuata mpaka kisimani.

*

Mchana Zani, mchungaji wa wanyama, alipita nyumba kwa nyumba akiomba vitenge. Ndivyo tufanyavyo: kichwa cha mnyama huchongwa na mhunzi, kwetu ndiye mchonga mti pia, mwili wake ni matao ya miti, na ngozi yake ni nguo za wanawake.

"Mama Sungalo, palahala wetu hana nguo. Utamwacha atoke uchi mbele ya watu wa mtaa wa juu?"

"Mtaa wa juu wamezoea kuona vya uchi," Nyele alijibu, akamtolea kitenge chake cha buluu, kile cha arusi ya binti yake. "Kirudi bila tundu."

"Kikirudi na tundu nitakuoa mimi, nikununulie kingine."

"Basi ningojee nife kwanza."

Alicheka, akaenda. Nyele hakumuuliza nani atambeba palahala, swala yule mkubwa. Hakuna mwanamke anayeuliza. Wanyama wetu hawana mtu ndani. Kila mwanamke anajua kuna mtu ndani, na kila mwanamke anajua kwamba hajui. Miaka ya nyuma mke mmoja wa mtaa wa juu aliutambua mwendo wa mumewe ndani ya fisi, kicheko kikamzidi, akataja jina. Fisi yule alivuliwa nguo palepale, akatupwa bandani akaliwa na mchwa. Mume alikwenda Abijani, na wanaotoka huko wanasema akikutana na mtu wa kwetu anavuka barabara. Mke naye hajaimba tena. Akianza, wenzake wananyamaza.

*

Jua lilipoanza kulegea uwanja ulikuwa umejaa. Nyele ndiye mwimbishaji wa mtaa wa chini. Wanawake wa kuitikia walijipanga nyuma yake, na karibu na bega lake alisimama mtani wake Batoma Kulibali, mwenye sauti kama ya pembe.

"Koo limekauka, mla kunde?" Nyele alimuuliza.

"Kunde zinaimba vizuri kuliko njaa yenu akina Fomba. Anza, mtumwa wangu."

Mwaka wa nyuma wanawake wa mtaa wa juu walikuwa wamewacheka kwamba palahala wa mtaa wa chini ana pumu, anaruka mara mbili anatafuta pa kulala. Nyele alikuwa amelala na neno hilo mwaka mzima. Aliwaambia wenzake, "Leo hatoki uwanjani mpaka wao ndio watafute pa kulala."

Palahala akaingia. Kichwa cha mti, pembe ndefu zilizopinda nyuma, mashavu mekundu na meupe, vipande vya bati vikimemeta puani. Shingo yake ndefu ilitoka katika vitenge ikageuka kushoto, ikageuka kulia, kama mnyama aliyesikia jani likivunjika. Watu wakaguna kwa raha. Nyele alikiona kitenge chake cha buluu ubavuni, akapandisha wimbo.

Kwetu mwimbishaji akimsifu mnyama kwa jina la sifa, mnyama lazima aruke. Asiporuka, aibu yake. Nyele akamwita mwenye pembe za mfalme, akaruka. Akamwita mkimbiza moto wa nyika, akaruka, akazunguka, nguo zikatanuka kama mwavuli. Akamwita aliyewachosha mbwa wa wawindaji. Akaruka juu zaidi. Wanawake wa mtaa wa juu walikuwa wamenyamaza, na utamu wa ukimya ule ulimpanda Nyele kichwani. Zani aliinua fimbo yake kuomba mnyama apumzishwe. Nyele alijifanya hakuiona. Akaongeza jina jingine, na jingine.

Palahala alipita karibu na waimbaji, akasimama. Ngoma zikashuka kidogo kutafuta mapigo mapya. Katika upenyo huo Nyele akasikia kitu kinagonga mti, ndani ya shingo ile.

Tok, tok, tok. Haraka haraka.

Wimbo ulimkatikia mdomoni. Batoma aliudaka haraka ukaendelea, watu wakadhani ni mtindo. Nyele alisimama pale miguu ikiwa baridi kwenye mchanga wa moto. Aliyaona yote kwa mara moja: kitanda kilichotandikwa, chupa iliyojaa, mate ya Molobali, misumari. Na mkimbiza moto wa nyika aliyerushwa na mama yake mwenyewe, jina juu ya jina, kwa ajili ya maneno ya wanawake wa mtaa wa juu.

"Una nini?" Batoma alimnong'oneza.

"Sina kitu."

"Mbona unatetemeka kama kuku wa mvua?"

Angesema nini? Jina lile lilikuwa limemjaa kinywani. Akilitaja, ngoma zitanyamaza, nguo zitavuliwa, na atakayeonekana pale chini mbele ya kijiji kizima ni Sungalo wa Kivulini, aliyeshindwa hata kuwa mnyama. Hatamsamehe mpaka kaburini. Asipolitaja, huenda kaburi lisingoje.

Aliushika wimbo akaubadilisha, akaimba ule wa polepole, wa mnyama anayerudi porini. Wapiga ngoma hawakumfuata. Dose alikuwa ng'ambo ya uwanja anazungusha mkono hewani, endeleeni, endeleeni, na vijana walikuwa wanapiga miluzi. Palahala akajaribu kugeuka. Miguu ya mbele ya vitenge ikakunjika, akapiga magoti. Kichwa cha mti kikainama mpaka pua ya bati ikagusa mchanga.

Watu wakashangilia. Walidhani mnyama anakunywa maji mtoni. Zani naye alichekelea, akapiga fimbo chini kumwamsha. Palahala hakuamka. Kutoka mtaa wa juu sauti ya mwanamke ikaja, tamu kama asali, "Pumu imerudi, jamani."

Na bisho sasa Nyele aliisikia vizuri, kwa sababu alijua pa kuisikiliza. Ilikuwa inapiga kama mvua kwenye bati.

Ndipo akafungua mdomo, na kilichotoka hakuwahi kukiimba wala kukisikia kikiimbwa. Aliimba kwamba mnyama ana mimba. Aliimba kwamba amekimbia nyika nzima na tumbo lake, na sasa siku yake imefika. Enyi wenye ndevu, geukeni. Enyi wenye vitenge, vifungueni.

Waitikiaji wakamkodolea macho. Batoma ndiye aliyemtazama usoni kwa muda, na chochote alichokiona pale kilimtosha. Akapiga kigelegele kirefu, akajitupa mbele. "Nimewaambia miye huyu mnyama kala kunde za baba yangu, tumbo hilo mlidhani ni upepo? Haya, wakunga, mnangoja nini?"

Uwanja ukaangua kicheko. Wanawake wakafungua vitenge vya juu, wakamzunguka palahala kama wanavyomzunguka mwenzao aliyeshikwa na uchungu njiani wakati wa kutoka sokoni. Walivinyoosha vikawa ukuta. Na wote walimpa mgongo mnyama, nyuso nje, kwa hiyo hakuna aliyeona kisichoonekana. Nyele aliingia katikati, naye akageuza mgongo. Alichukua kibuyu cha maji cha wapiga ngoma, akachutama, akakisukuma nyuma yake kwa kupapasa mpaka chini ya pindo la kitenge cha buluu.

"Mnyama," alisema bila kugeuka, "kunywa."

Hakuna kitu. Kisha mkono ukaja juu ya mkono wake. Ulikuwa unawaka. Haukushika kibuyu. Ulishika vidole vyake viwili, kama alivyokuwa anavishika akifundishwa kutembea, ukavikamata kwa nguvu, halafu nguvu ikaisha kidogo kidogo, ukaachia.

Bisho ikakoma.

Usiku mwingi Nyele alikuwa amemwomba Mungu bisho ile ikome. Sasa alichutama pale akiitafuta kwa masikio yote, katikati ya vicheko na miguu ya watu, akiomba irudi hata kidogo, hata moja.

*

"Mama Sungalo." Dose alikuwa amefika kwenye ukuta wa vitenge, amekunja uso. "Haya mambo nani kayaleta? Palahala ni dume. Ana pembe."

"Majike yake nayo yana pembe," Nyele alimjibu. Sauti yake mwenyewe aliiona inatoka mbali.

"Hatujawahi—"

"Dose," Batoma alimkatiza, "ushawahi kuzaa?"

"Mimi?"

"Basi kaa kando, wewe uliyezaliwa matako mbele. Mama yako alipokuwa anakusukuma baba yako alikuwa anauliza maswali? Mwiteni mchungaji. Mzazi habebwi na ngoma."

Watu wakacheka tena, na Kulibali hakasirikiwi na Tangara, utani ni utani. Dose akarudi nyuma. Zani akaja, akainama karibu na pua ya bati kana kwamba anamnong'onezea mnyama, na alipoinuka kicheko kilikuwa kimemtoka. Aliwaita vijana wake kwa mkono. Wakaingia wakiangalia chini, wakamwinua palahala mzimamzima, matao, nguo na pembe, kama mgonjwa anavyobebwa na kitanda chake.

Wanawake walitembea pembeni na nguo zao mpaka kwenye ua wa mikeka, nyuma yake ndiko porini, ndiko wanyama wanakotoka. Hapo mwanamke hapiti. Mikeka ikafunguka, palahala akaingia, mikeka ikafungwa.

Na mwimbishaji haruhusiwi kunyamaza mpaka mchungaji atoke aseme mnyama amefika. Kwa hiyo Nyele aliimba. Alisimama pua ikigusa mikeka, akaimba kwamba mzazi ni mzima na mtoto ni mzima, akaimba huku akisikiliza, na upande wa pili hakuna alichosikia ila miguu inayokimbia na mtu anasema, mwageni maji, mwageni. Waitikiaji wakamwitikia. Batoma alikuwa amemshika kiuno kwa nyuma, wala hakumtania.

Mikeka ikafunguka. Hakutoka Zani, alitoka Molobali, kanzu imelowa kifuani. Alimtazama mkewe usoni, siku hiyo kwa mara ya kwanza.

"Mama Sungalo," alisema, "Sungalo amerudi kutoka Markala. Amerudi vibaya."

"Anapumua?"

"Anakuulizia."

Nyele akanyamaza kuimba.

*

Mkokoteni ulikuwa wa mume wa Batoma, na Batoma ndiye aliyeshika kamba. "Nakwenda kwa ajili ya punda," alisema, "ninyi akina Samake mtamuua." Sungalo alilazwa kichwa mapajani kwa mama yake, amefungwa kile kitenge cha buluu. Kila gurudumu liliporuka jiwe alifumba macho, na kidole chake kikatafuta ubao wa mkokoteni. Nyele aliisikia bisho mwendo mzima na hakuichoka.

Kwenye zahanati ya Markala muuguzi alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Alitafuta mshipa, akauchoma, akatundika chupa ya maji. Halafu akawageukia.

"Huyu nilimwambia maji, kivuli, mapumziko. Alikuwa anafanya nini?"

Molobali aliangalia vidole vya miguu yake.

"Alitumwa," Nyele alisema. "Alitumwa misumari."

"Misumari? Mtoto wa selimundu, juani, kwa miguu, kwa ajili ya misumari?"

"Ndiyo, binti yangu."

"Nyumba ilikuwa inaanguka?"

"Hapana."

"Watu wazima na mvi zenu." Muuguzi alivua glovu. "Mngechelewa kidogo tu mngerudi na maiti, mkaipigilie misumari hiyo."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alicheka. Nyele alimeza. Molobali naye alimeza. Hakuna aliyejitetea, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo wakawa upande mmoja.

Huko nje ukumbini, Molobali alisema, "Aliniomba, Nyele. Tangu azaliwe hajaniomba kitu, hata baiskeli. Alisema, baba, mara moja tu nitoke kivulini. Nikaona, mara moja."

"Ungeniambia."

"Ningekwambiaje jambo ambalo hulijui?"

Nyele alichungulia mlangoni kwa mgonjwa. Baadaye akasema, "Zani aliinua fimbo kuomba apumzike. Niliiona. Nikajifanya sikuiona."

Molobali alimsogezea nafasi kwenye benchi.

Usiku ulipita wakihesabu matone ya chupa. Homa ilipanda, ikakaa, na muuguzi alipopita kwa taa hakusema neno, jambo lililowatisha kuliko maneno yake. Kulipopambazuka Batoma aliwaletea uji na habari: mtaa wa juu wanasema hawajawahi kuona mchezo kama ule wa kuzaa, na wanataka kujua kama mwakani ndama naye atatoka.

"Nimewaambia atatoka akishaachishwa ziwa," alisema. Alimchungulia Sungalo mlangoni, akapangusa pua kwa ukingo wa nguo, akaenda kumtazama punda.

Jua lilipokuwa juu, Sungalo alifungua macho. Yalikuwa ya njano, lakini yalikuwa yanaona. Alimtazama baba yake aliyekuwa amesinzia ameegemea ukuta, kisha mama yake.

"Mama."

"Naam, baba."

"Nasikia palahala alijifungua jana." Midomo yake ilikuwa imepasuka, na maneno yalitoka moja moja. "Bahati mbaya mimi nilikuwa Markala."

Nyele alimwekea sawa kitenge shingoni. "Umekosa mengi."

"Alizaa nini?"

"Zee zima lenye ndevu. Zito, limewachosha wabebaji."

Kona ya mdomo wake ilicheza. "Na aliruka?"

"Aliruka." Alimlowesha midomo kwa ncha ya kidole. "Sijawahi kuona mnyama aliyeruka vile. Mtaa wa juu walinyamaza wote."

Sungalo alifumba macho akiwa bado na ile kona ya mdomo. Mkono wake ulishuka mpaka kwenye chuma cha kitanda, na kidole kikaanza. Tok. Kikapumzika kirefu. Tok. Molobali alikuwa ameshaanza kukoroma, na muuguzi alipoingia kubadilisha chupa alisema homa inashuka, mama naye alale, macho yake yamekuwa kama ya kambale.

Nyele alitandika mkeka chini ya kitanda, akajinyoosha ubavu. Aliweka kiganja juu ya mguu wa kitanda, mahali ambapo bisho ikishuka kwenye chuma itamfikia hata akiwa usingizini. Ikaja moja. Akangoja. Ikaja nyingine, nyepesi. Akangoja tena, kwa muda mrefu, pumzi ameibana, na badala yake kikaja kutoka juu kikoromo kidogo, cha kijana aliyechoka. Akaiachia pumzi yake, kiganja kikabaki palepale kwenye chuma, na usingizi ukamchukua.